Nilijifanya Mfalme, Nikamvunja Mwanangu Vidole

Nimekosa, jamani! Nilimvunja mwanangu vidole kwa mchi wa kutwangia. Si mwizi aliyemvunja, si polisi. Ni mimi, mama yake! Jina langu nalificha. Ya wengine siwezi kuyaficha, hayanitoki kichwani.

Mwanangu Themba ni mfinyanzi. Ana tanuru kwenye chumba cha uani hapa kwetu, mtaa wa Bertrams. Aliahidi kutengeneza vikombe vyeupe vya kaure, wageni wanywee chai siku ya kufunua jiwe la kaburi la baba yake, marehemu Vusi, aliyenitoa Morogoro akanileta huku kwao kusini. Siku ikakaribia, vikombe hakuna. Themba yuko baa na rafiki zake, akina Sizwe na Kabongo!

Jumamosi moja mjukuu wangu Lerato akaweka filamu ya wazungu wa zamani. Kiingereza sikijui, nikawa namuuliza. Yeye huniita Gogo, yaani bibi.

"Huyu vipi?"

"Gogo, alijitapa anageuza vyuma kuwa dhahabu. Mfalme kamfungia mpaka aitoe."

Askari wakampiga yule mtu, damu ikamtoka puani. Dhahabu haikutoka, lakini baadaye akatoa kikombe cheupe kama maziwa. Nikapiga makofi! Nikaondoka kwenda kusonga ugali, filamu haijaisha.

Kesho yake Themba akaingia chumba cha tanuru kuchukua koti. Nikafunga geti la vyuma, nikatia kufuli.

"Mama, acha utani."

"Hutoki bila vikombe!"

"Eish, Mama! Mimi mtu mzima."

"Mtu mzima gani ananuka kama chupa?"

Akalipiga geti mateke. Akaangusha rafu nzima ya vyombo, vigae vikaruka mpaka nje. Akatukana hata kaburi la baba yake. Jirani yangu Mkongo, Mama Furaha, fundi cherehani, akaja mbio. "Maman, fungula! Ni mutu, haiko mbuzi!" Nikamwambia akashone mdomo wake.

Themba akapenyeza mkono kwenye vyuma, akashika kanga yangu. Ufunguo nilikuwa nimeufunga pindoni. Akavuta, nikaangukia magoti pale penye kinu. Nikaushika mchi, nikapiga. Hakuachia. Nikapiga tena. Ole wangu! Ule mlio wa mifupa bado nausikia. Ndipo nikafungua kufuli.

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Udongo haumtii. Jiwe tulilifunua bila yeye, wageni wakanywea vikombe vya plastiki alivyotuazima Mama Furaha, yule yule niliyemtukana!

Juzi ndipo nikamuuliza Lerato yule mtu wa kwenye filamu aliishia wapi.

"Kwani hukuona, Gogo? Mfalme hakumwachia. Alikunywa pombe humo humo mpaka akafa."

Nikalia. Mtoto akadhani nalilia filamu!

Sasa Themba anakaa mtaa wa Observatory kwa dada yake Nomsa. Akija kunisalimia, chakula anakila amesimama mlangoni. Nikimwambia kaa, anasema, "Hapa panatosha, Mama."

Wazazi wenzangu, mtoto mlevi anaudhi, najua sana. Lakini kama hivi unavyosoma kuna mtu umemfungia ndani, acha kusoma. Nenda kamfungulie!