Vidole vya Wifi Yangu

Unanisumbua. Herufi zenyewe nazichora moja moja kama mtu anayechokonoa mwiba, halafu unataka niandike maisha ya wifi yangu, eti uyabandike dukani kwako watu wasome. Haya, shika.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni mwokaji mikate. Kichwa kigumu kunizidi mimi, na hilo si dogo. Aliokea watu miaka kumi na minane ndipo akanunua tanuri lake. Jina la biashara alikodi kwa kampuni moja ya unga. Wakampa kibao cha mlangoni na muhuri wa chuma wa kugonga juu ya mkate, kwa mkataba kwamba ataoka kwa unga wao tu. Unga ukaja unatembea kwa wadudu. Akaoka kwa unga mwingine. Kampuni ikamwandikia arudishe muhuri, naye akajibu waje kwanza waule ule unga mbele yake.

Wakaja asubuhi mimi na wifi tukikanda, meneja na mabaunsa watatu. Wifi akaukumbatia muhuri. Wakamburuta kwa nywele hadi tanurini, wakaubana mkono wake wa kulia kwenye mlango wa chuma, wakaufunga kwa teke. Hakuachia. Teke la pili nikasikia vidole vinalia kama ganda la mkate mkavu. Nikashika ule mti mrefu wa kutolea mikate, nikamng'oa mmoja meno mawili. Mwenzake akanipasua paji la uso, akanipiga mateke ya mbavu. Mpaka leo nikikohoa namkumbuka. Wakang'oa kibao, wakaukanyaga kwa buti unga uliokandwa, na damu yetu imo.

Tukaenda mahakamani. Wakili wao akasema mkataba unataka kila mgogoro uende kwanza kwa msuluhishi. Wifi aliposaini alidhani usuluhishi ni ule wa kupatanishwa mkanywa chai. Kumbe huyu ni kama hakimu asiye na joho, akiamua ameamua.

“Wifi, ulisaini kitu gani?” nikamuuliza.

“Kwani wewe ungesoma?”

Nikamfunga bandeji upya.

Msuluhishi, mzee wa miwani, akaamua: unga ulikuwa mbovu, kosa ni la kampuni, jina ni lao, wabaki nalo, tanuri ni la wifi, lisiguswe. Meneja akanyoosha mkono wapatane. Wifi akamwonyesha bandeji.

“Mkono wa kukupa ulishauchukua mwenyewe.”

Wakili akataka na hayo ya mkono yaishie palepale. Msuluhishi akafunga faili.

“Unga ulikuwa wangu. Vidole ni vya hakimu.”

Hakimu anasikiliza Alhamisi. Meneja anasema mlango ulijifunga kwa upepo. Mlango ule mimi na wifi tunausukuma sote wawili ndipo ufungike! Ushahidi wangu wanaubeza, eti mimi ni ndugu. Asipopatikana mwingine, wale watu wanarudi mtaani na mateke yao.

Sasa wewe fundi viatu, duka lako linatazamana na letu. Siku ile ulikuwa dirishani na nyundo mkononi. Nilikuona, damu ikinitiririka machoni. Karatasi hii haiwezi kuapishwa. Alhamisi saa tatu njoo uape wewe.