Tangazo la Sweta

Tuanze na hili ili tusipotezeane muda: mimi si mlevi. Kwa hiyo siku ile meneja wa kituo alipopanda ngazi mpaka kwenye kibanda changu, akaniinamia kama anayetaka kuninong'oneza siri, kumbe ananusa mdomo wangu, nilimwambia hapo hapo, “Bosi, nusa vizuri, usije ukashuka na nusu.”

Akaona haya kidogo. Akaegemea kioo. “Sasa mzee wangu, mbona unatangaza kama umejaza pamba mdomoni? Abiria wanalalamika. Jana mmoja kapanda basi la magharibi, mwenyewe alikuwa anakwenda kaskazini.”

“Huyo alikuwa anachezea simu.”

“Labda. Lakini wakubwa wanataka kuleta mashine. Ukishairekodi inatangaza mwaka mzima, haikohoi. Nimewaomba wasubiri mpaka karibu na likizo za shule. Sauti yako ikirudi, sawa. Isiporudi, utahamia stoo ya mizigo iliyopotea.”

Akashuka. Nikabaki peke yangu, nimejifunga koti zito mpaka kidevuni, na jua limepiga kioo pande zote tatu. Watu kule chini walikuwa wanajipepea kwa tiketi. Mimi nilikuwa natetemeka.

Kazi yangu ni kutangaza mabasi. Kibanda kiko juu ya madirisha ya tiketi, ndani kuna kiti kimoja na maiki moja yenye kitufe chekundu. Wananiita Sauti, na wengi hawajui kama Sauti ina miguu. Nikipanga foleni dukani hakuna anayenigeukia mpaka nifungue mdomo niagize sabuni, hapo utaona shingo zinazunguka. Jioni narudi kwenye chumba changu. Kuna kitanda, jiko la mafuta, redio na sahani mbili, moja haijaguswa tangu mke wangu afariki. Mchana nikisema sogeeni, watu wanasogea. Usiku sina hata wa kumwambia nipe chumvi. Jumapili nzima inaweza kupita sijatoa neno. Inaniuma, sifichi.

Nina binti mmoja. Tuligombana baada ya msiba wa mama yake, kwa sababu niliuza nyumba yetu na yeye alitaka ibaki. Bado naona nilifanya sawa. Vyumba vinne mzee mmoja anavifanyia nini? Akasema yake, nikasema yangu, tukanuniana, na katika ukoo wetu kununa ni kipaji. Anafundisha shule hapa mjini, mumewe yuko kaskazini, kule milimani. Kila Ijumaa alasiri anakuja kituoni na begi lake, anasimama mlango wa nne kusubiri basi. Hanyanyui macho kutazama kibanda. Simu zangu hapokei. Lakini spika iko juu ya kichwa chake, hana pa kuikimbia.

Ndiyo maana basi la kaskazini la Ijumaa lina tangazo lake. Nikishataja basi na mlango, naongeza: “Na mwenye sweta alivae, kule milimani kuna baridi.” Abiria hucheka. Dada wa tiketi, anayekaa dirisha la chini yangu, aliwahi kuniuliza, “Sauti, mbona abiria wa mashariki huwahurumii?” Nikamjibu mashariki kuna joto. Sikumwambia mengine. Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyobaki nayo na mwanangu, na maiki ikiondoka, nayo yameondoka.

Sasa sauti yenyewe ndiyo ilikuwa inaondoka. Ilianza kwa uchovu, nalala fofofo, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kisha baridi. Uso ukavimba, nyusi zikapukutika pembeni, ngozi ikakauka kama kisigino, na choo, samahani, kikagoma. Maneno yakawa mazito, yakinitoka moja moja. Nikanenepa na wakati chakula chenyewe nakitazama tu. Mwenye nyumba wangu akasema ni uzee. Nikamwambia yeye ni mkubwa kwangu na bado anapanda paa kurekebisha antena.

Aliyenisukuma kwenda hospitali ni dada wa tiketi. “Shikamoo, Sauti.”

“Marahaba.”

“Umeona? Hiyo marahaba ni ya shikamoo ya jana, ndiyo kwanza inafika. Nenda hospitali bwana, hiki si kikohozi.”

Wakanitazama koo, wakanitoa damu, wakaniambia nirudi. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu, miwani yake imefungwa plasta mguu mmoja. Akanigeuzia majibu ya maabara nione mwenyewe. Mstari wa kwanza umeandikwa TSH, namba hamsini na mbili, pembeni mshale unaoelekea juu. Mstari wa pili, homoni yenyewe ya tezi, mshale unaelekea chini.

“Afadhali kuna kitu kimoja mwilini mwangu kiko juu,” nikasema.

“Hapana, baba, hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Hiyo TSH kwa kawaida haizidi nne hivi. Sikiliza.” Akajigusa shingo. “Hapa kuna tezi, tunaiita thairoidi. Inatengeneza homoni inayoupa mwili mwendo. Yako imelegea, ndiyo maana unasikia baridi, umechoka, kila kitu kinakwenda polepole. TSH haitoki kwenye tezi. Inatoka kichwani, chini ya ubongo, ni amri ya kuiambia tezi ifanye kazi. Tezi isipoitikia, amri inaongezwa. Namba ikiwa kubwa hivi, ujue tezi imezembea.”

Nikaitazama ile mishale mpaka ikaniingia. “Kumbe kichwani kuna mtangazaji,” nikasema. “Anamwita abiria, abiria kalala kwenye benchi. Haamki, basi mtangazaji anazidi kupaza sauti. Hiyo hamsini na mbili ni makelele yake.”

Daktari akacheka mpaka miwani ikamteleza. “Ndivyo hasa. Na abiria akishapata anachohitaji, mtangazaji anapunguza sauti, namba inashuka. Tunataka ishuke.”

Mstari wa tatu ulionyesha kwamba mwili wangu wenyewe ndio unaoishambulia tezi yangu. Hata mwili umeninunia, nikawaza. Nikamuuliza kama nitapasuliwa. Akasema hapana, upasuaji hauna kazi hapa. Nikamuuliza kuhusu yale matone ya madini joto wanayouza getini, eti yanaamsha tezi. Akakaza uso. “Usiyaguse, baba. Chumvi ya dukani inakutosha, ukizidisha madini hayo unaweza kuiharibu zaidi. Dawa yako ni kidonge kimoja kila asubuhi, homoni ile ile unayoikosa. Tutaanza na dozi ndogo kwa sababu ya umri na moyo, baada ya wiki sita hivi tunapima tena damu, tunapandisha taratibu.”

“Mpaka lini?”

“Kwa hali kama yako, maisha yote.”

“Na sauti?”

“Nyuzi za sauti zimevimba kwa ugonjwa huu huu. Homoni ikikaa sawa, mara nyingi sauti inarudi. Ila si kesho, baba. Na kidonge umeze tumbo likiwa tupu, kabla hujala.”

Nilitoka pale nimechangamka. Ugonjwa una jina, una dawa, na msimu wa likizo bado uko mbali. Nilitaka kumwambia mtu. Nikapiga namba ya mwanangu, ikaita mpaka ikachoka. Nikamwambia dada wa tiketi, akapiga makofi dirishani mpaka abiria mmoja akamuuliza kama tiketi zimeshuka bei.

Nikameza vidonge vyangu kwa nidhamu ya askari. Sikuruka hata siku moja. Lakini koti halikuvulika, na sauti ikazidi kuzama. Ijumaa moja nilipofika kwenye sweta, neno likakwama, kikatoka kitu kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Hakuna aliyecheka. Kule mlango wa nne mwanangu alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Sijui kama alisikia.

Nikarudi kupima. TSH, hamsini. Daktari akaitazama namba, akanitazama mimi, akachukua kalamu aandike dozi kubwa zaidi. Halafu kalamu ikasimama.

“Baba, hebu nieleze asubuhi yako. Tangu unapofumbua macho.”

“Naamka, nanawa uso, nachemsha maziwa yangu, natia asali, nameza kidonge...”

“Unameza na nini?”

“Na maziwa.”

“Si nilikwambia tumbo tupu, kabla hujala?”

“Na lilikuwa tupu! Maziwa si chakula, maziwa ni kifaa cha kazi!” Nikapandisha, kwa kadiri mtu asiye na sauti anavyoweza kupandisha. “Muulize mtangazaji yeyote. Huwezi kushika maiki alfajiri hujalainisha koo kwa maziwa ya moto. Aliyenipokea kazini alinikabidhi maiki na chupa ya maziwa siku hiyo hiyo. Fundi wa umeme ukimwambia asile, ataacha koleo nyumbani?”

Akaweka kalamu chini. “Kosa ni langu pia, ningekuuliza tangu mwanzo. Baba, maziwa yanaishika ile dawa tumboni, nyingi haiingii kwenye damu. Umekuwa ukimeza, mwili haupati. Meza kwa maji matupu, usubiri karibu saa nzima ndipo ule. Maziwa yasogeze huko mchana. Dozi siipandishi leo, kwanza tuone hii ikifika inakokwenda.”

Lo! Nilitoka pale na hasira za kumpiga ng'ombe. Ile chupa niliyoibeba miaka yote kuilinda sauti yangu, ndiyo iliyokuwa inazuia dawa ya sauti yangu mlangoni. Na likizo hizo zinabisha hodi.

Nikahamia kwenye maji. Kutangaza alfajiri bila maziwa, mwenzangu, ni kama kutoka nje bila shati; koo linajiona uchi. Kwa muda sikuona kitu. Halafu asubuhi moja nilikuwa katikati ya tangazo la mashariki nikahisi kero shingoni, nikatazama, ni jasho. Nikavua koti. Nikalitundika kwenye msumari, nikakaa nalitazama kama mgeni aliyekubali kuaga. Choo nacho kikarudi kwenye akili zake. Sauti peke yake ndiyo iliyojivuta nyuma ya wenzake.

Mashine ikafika kabla yake. Meneja aliileta mwenyewe, kijisanduku tu, mafundi wakakiunga kwenye spika. “Mzee wangu, nimejitahidi,” akasema, na sidhani alikuwa ananidanganya. “Ijumaa hii kaa nayo uangalie kama inakwenda sawa. Jumatatu utaanza stoo.”

Ijumaa nikakaa mikono mapajani, sina kazi. Sanduku lina sauti ya mwanamke, laini, haina mafua wala huzuni. Alasiri ikafika. Mwanangu akaja, akasimama mlango wa nne na begi lake. Likizo ilikuwa inaanza. Asingepita tena kituoni kwa muda mrefu. Sanduku likasema, “Basi la kaskazini, mlango wa nne. Tunawatakia safari njema.” Likanyamaza.

Watu wakaanza kupanda. Yeye hakusogea. Abiria wa nyuma yake wakampita. Nikamwona anaitazama ile spika, anaitazama tu, kama anasubiri ikumbuke kitu.

Akaja mpaka dirisha la tiketi, nikampoteza chini ya kibanda. Muda si mrefu nikasikia dada wa tiketi anapiga kelele ngazini. “Sauti! Kuna mwalimu hapa anauliza yule mzee wa masweta yuko wapi. Anauliza kama yu hai. Nimwambieje?”

Mzee wa masweta, eti. Hakusema baba. Lakini ameuliza.

“Mwambie arudi mlango wa nne,” nikasema.

Nikachomoa waya wa sanduku. Nikavuta maiki, nikabonyeza kitufe chekundu. Sikukohoa kwanza, niliogopa nikikohoa ujasiri wote utatoka.

“Basi la kaskazini, mlango wa nne.” Ilitoka imekwaruza, nzito, nusu yake bado iko hospitali, lakini ilikuwa yangu. “Na mwenye sweta alivae. Kule milimani kuna baridi.”

Mtu mmoja akacheka. Mwanangu alikuwa amesharudi mlangoni. Akaweka begi chini, akafungua zipu, akatoa sweta la kijani, akalivaa. Kituo kizima kinachuruzika jasho, yeye anafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Kisha akanyanyua macho kutazama kibanda. Sijui kama jua lilimruhusu kuniona nyuma ya kioo. Niliinua mkono hata hivyo.

Akapanda basi. Ngazini kwangu viatu vya meneja vilikuwa vinakuja mbio, na mimi kidole nilikiacha pale pale kwenye kitufe mpaka basi lilipotoka getini.