Jalala la Emerensiana

Emerensiana hakuwa mtu wa kulilia nyumba. Nyumba ni miti na udongo, alisema. Siku watu wa Mamba walipoamriwa na serikali kuhama mashambani wakapangwe kwa mistari kwenye kijiji kipya, yeye alichogeukia kutazama ni jalala lake nyuma ya jiko. Wenzake walimcheka. Lakini tangu aolewe alikuwa akimwaga hapo majivu, pumba za mpunga, magunzi na mavi ya kuku, na chini yake palikuwa na udongo mweusi uliozaa maboga ya kuwavusha miezi ya njaa.

Kule kijiji kipya alipewa kiwanja cha mchanga mtupu. Alipanda mbegu za maboga. Zikachipua, zikawa njano, zikafa. Mumewe Kalisti alikuwa hajiwezi miguu, na ghala lilikuwa linaonyesha sakafu. Akachukua kikapu, akarudi kwake kwa zamani kuchota udongo wa jalala.

Alikuta nyumba imechomwa, watu wasipate pa kurudia. Moto ulikuwa umeingia jalalani. Pumba haziwaki kwa fujo, zinaungua ndani kwa ndani, siku baada ya siku. Alitia mkono, akautoa upesi. Akaokota mtungi uliosalia, akaenda mtoni, akamwaga maji, moshi ukapungua, kisha ukarudi palepale. Alienda tena na tena mpaka mikono ikamwishia nguvu. Hakuwa na wa kumlaumu aliye karibu.

Akatokea Cletus, mgambo, mtoto wa jirani yake wa zamani.

"Mama, nyie mmekatazwa kurudi huku."

"Na jalala nalo lilikataa kuhama, mkalichoma?"

Cletus akatazama chini. "Mimi nimetumwa tu, mama."

Aibu ilimjaa usoni kweli, lakini haikuzima kitu.

Viberiti vilikuwa adimu siku hizo. Emerensiana akaokota gunzi lenye moto, akalifukia kwenye majivu ndani ya kigae, akaenda zake.

"Umeleta udongo?" Kalisti aliuliza.

"Nimeleta moto."

Akapika uji kwa unga uliobaki, wakanywa. Kisha akazoa majivu mekoni, akatoka nayo nyuma ya nyumba kama alivyozoea. Hapakuwa na jalala, mchanga tu. Akayamwaga hapohapo, na kabla hajainuka upepo ulikuwa umeshayachukua.