Kioo cha Wifi Yangu Scolastika

Mume wangu Kalisti alikuwa mtu mgumu, na sitamsifu leo eti kwa kuwa amekufa. Alichonga vioo vya mkono hapa Didia miaka kumi na tano, na sikumbuki mteja aliyeingia uani kwetu akatoka anacheka. Mtu akija kuagiza, Kalisti alimuuliza kwanza, "Cha nani?" Akisema ni zawadi ya mkewe, aliulizwa kama anampenda kweli au kuna kosa anataka kulifunika. Akijibu ovyo, Kalisti alirudia tezo lake kana kwamba pale hapana mtu.

Kazi aliijua, hilo silikani. Vioo vya duara alinunua kwa Mhindi mjini Shinyanga, akavibandua kwenye fremu zake za bati na kuvipachika kwenye ubao wa mninga aliousugua kwa majani ya msasa mpaka ukateleza mkononi. Kisha aliupaka mafuta ya ng'ombe, na mwisho kabisa akachonga jina la mwenye kioo kwenye mpini. Jina likishaingia, alisema, kioo hicho hakiazimwi wala hakirithiwi.

Kizuri kuliko vyote alikichonga mwaka 1943, dada yake Scolastika alipoolewa na Eustace, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Mimi mkewe sikupata hata kibovu. Na huyo Scolastika alikuwa na ulimi! Aliniita mgumba mbele ya wageni, huku anajitazama kwenye kioo chake na kurekebisha kilemba. Alipofariki mwaka wa arobaini na saba nililia kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Aliacha binti wa miezi minane, Mbuke. Eustace alimleta kwetu amefungwa kwenye kanga, akasema mgodini hakuna wa kumlea, akaondoka. Miaka sita hakuleta hata kipande cha sabuni. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea nililea mimi. Nilimnywesha maziwa kwa kijiko, nikalala nimekaa alipopata surua. Watu walewale walioniita mgumba wakaanza kuniita Mama Mbuke. Mara ya kwanza nilipoitwa hivyo kisimani, niliweka mtungi chini nikasahau nilichofuata.

Ndipo mwaka 1953 Eustace akaja na baiskeli mpya na kofia ya pama.

"Mwangaluka, shemeji," akasalimu kwa Kisukuma.

Kalisti akarudia tezo lake. Eustace akatoa kile kioo kwenye mfuko. Ameposa mke mwingine, akasema, anaitwa Klara, binti aliyesoma kwa masista. Klara amekipenda kioo, lakini hawezi kushika kitu chenye jina la marehemu. Kwa hiyo jina lifutwe, liandikwe lake.

"Peleka kwa fundi mwingine," Kalisti akasema.

"Mwingine atakiharibu. Wewe ndiye uliyekichonga."

"Toka kwangu."

Eustace akacheka, akamtazama Mbuke aliyekuwa anachambua mchicha kule jikoni, asikotusikia. "Nilitoa ng'ombe kumi na wawili wa mahari, wote unawajua. Yule mtoto ni wangu. Jumapili nitarudi. Nikikuta jina limefutwa, abaki hapa. Nikilikuta, namchukua. Klara atapata wa kumtuma maji."

Akaacha kioo juu ya kigoda, na karatasi yenye jina la Klara, akapanda baiskeli yake.

Siku nne tuligombana. Kalisti alisema heri mkono wake ukatike kuliko umfute dada yake. Nikamwambia dada yake yuko kaburini, hana haja ya kioo, ila mtoto yuko hai. Akasema Mungu anajua. Nikamwambia Mungu hakukesha na surua ya Mbuke, nilikesha mimi. Akanitupia kipande cha mninga, kikanikosa. Niliwachukia wote wawili, yeye na Eustace, na yule marehemu nikamwongeza.

Jumamosi akaenda porini kutafuta magogo. Nikamtuma Mbuke kwa jirani, nikafunga mlango, nikachukua patasi. Sikujua kusoma, lakini kukwangua hakuhitaji shule. Nilimkwangua Scolastika herufi moja baada ya nyingine. Kisha nikaweka ile karatasi mbele yangu, nikazifuata zile herufi kama mtu anayeiga alama ya ng'ombe wa jirani. Zikatoka zimepinda, moja kubwa, nyingine imeinama kama mlevi.

Kalisti alirudi jioni, akakiona. Akakigeuza mara mbili.

"Umetumia patasi gani?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaichukua, akaenda kuitupa chooni.

Jumapili Eustace alipofika, nilimpa kioo mlangoni nikasema, "Fundi amemaliza." Kalisti alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale. Alinisikia, akaendelea kusugua mpini wake. Eustace akaangalia tu kwamba jina la zamani limefutwa, akaenda zake, Mbuke akabaki.

Maji yakimwagika hayazoleki. Klara alikionyesha kila mahali, akisema tazameni maandishi ya yule fundi mnayemsifu. Habari zikafika mpaka Didia, wateja wakapungua, wengine wakasema waziwazi kwamba Kalisti amekwisha. Kwa kiburi alichokuwa nacho, nilingoja aseme si yeye. Hakusema. Nami sikumsaidia.

Miaka miwili baadaye, msimu wa pamba, Eustace alipita amelewa. Mbuke akiwa na miaka minane alithubutu kumuuliza kama mama yake aliacha kitu chochote.

"Aliacha kioo," Eustace akasema. "Muulize mjomba wako, ndiye aliyemkwangua mama yako kwa mkono wake."

Usiku tulipokaa kula, mtoto akauliza, "Mjomba, ni kweli ni wewe?"

Kalisti alinitazama. Nilikuwa nimeshika tonge, sikulipeleka mdomoni wala sikulirudisha.

"Ni mimi," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Tangu siku hiyo Mbuke hakumwamkia tena. Shikamoo yake ilikuwa kwangu peke yangu, asubuhi na jioni, naye Kalisti yuko palepale. Chakula alimwekea, lakini alikisukuma kwa mguu. Nilipomkemea alisema, "Mama, wewe una huruma mno." Kila siku niliazimia kumwambia kesho yake.

Mwaka 1958 kifua kilimlaza Kalisti. Siku moja nikamwuliza kama nimwite mtoto nimweleze ukweli.

"Nyamaza, mwanamke," akasema, kwa sauti ileile ya kufukuzia wateja. "Ukimweleza, utabaki na nani?"

Hakuwahi kuniambia neno la upendo ila hilo, na hata hilo alilitoa kama anatema mate.

Alikufa wiki ile. Makaburini ilipofika zamu ya jamaa kutupa udongo, Mbuke alikataa. Wazee wakamfokea, mjomba ni mama, wakasema, utapata laana. Yeye akakunja mikono. Watu wote wakanigeukia mimi, wakingoja nimwambie kitu binti yangu, na kitu cha kumwambia nilikuwa nacho.

Akanishika mkono. "Twende nyumbani, Mama," akasema.

Nikaenda naye.