Pipa Lisiloguswa

Baba alituchosha. Nasema hivi nikiwa bibi mwenye wajukuu, na nikilikumbuka pipa lake bado natamani kufoka.

Alikuwa zimamoto kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, miaka ile baada ya vita kuu. Kikohozi kilipomzidi alistaafu, akarudi kwetu Tinde na kofia ya chuma, mti mrefu wenye kulabu, na pipa. Pipa akaliweka mlangoni, akatangaza kwamba maji yake ni ya kuzimia moto tu. Si ya kunywa wala kunawa. Na aliyelijaza ni mimi! Kiangazi cha Tinde tulichimba mchanga wa mto mpaka kiunoni ndipo tupate ndoo moja yenye tope. Tunanawa kwa kikombe, na pipa limejaa hadi mdomoni.

Tukishakula jioni, alifukia mafiga kwa mchanga, asibakize hata kaa moja. Asubuhi mama akachukua kigae, akaenda kwa bibi jirani kuomba moto. Nyumba ya zimamoto ndiyo iliyoomba moto kila siku! Mama akilalamika, baba alijibu, "Moto hauna rafiki." Lakini bibi yule miguu yake ilikuwa imekufa, na baba ndiye aliyempasulia kuni. Palipowaka popote, baba alikimbia akikohoa, sisi nyuma yake na ndoo.

Siku ya washenga kuja kumaliza maneno ya ndoa yangu, nyumba ilikuwa imeezekwa upya kwa ajili yao. Nilikuwa nimekwenda mtoni mara nne tangu alfajiri. Mara ya tano niliona uvivu. Kwetu binti akisemwa kuwa ni mvivu wa maji, washenga hugeuzia njiani, na hilo nililijua. Lakini baba alikuwa amekwenda kutafuta mbuzi, na pipa lilikuwa pale. Nikachota ndoo moja, ikafuata ya pili, mwishowe kata ikakwangua chini. Nikarudisha kifuniko na jiwe lake.

Mchana upepo ukarusha cheche, paa la jiko likashika moto. Baba ndiyo kwanza anaingia na mbuzi. Akaachia kamba, akafunua pipa, akatumbukiza ndoo. Niliisikia ikigonga chuma. Akanitazama mara moja tu.

"Kulabu!"

Nikadhani atabomoa jiko. Wapi! Aliliacha liungue, akaiparamia nyumba yetu, ile mpya, iliyokuwa kati ya jiko na nyumba ya bibi jirani. Akaanza kuvuta nyasi chini, majirani wakazikokota mbali.

"Una wazimu?" mama alilia. "Unabomoa nyumba isiyoungua?"

"Ndiyo hiyo inayobomolewa, moto ukose njia!"

Alipomaliza, jiko lilikuwa majivu, nyumba yetu haina paa, na bibi jirani yuko salama kitandani, analalamikia kelele.

Washenga wakafika, wakatukuta tumejaa masizi. Tukawapigia magoti, tukawaamkia. Mkubwa wao, mtu wa mizaha, akainua kifuniko cha pipa, akachungulia, kisha akatazama ardhi isiyo na hata tone la maji.

"Mzee, zimamoto gani mwenye pipa kavu? Kwani binti hachoti maji hapa?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama chini.

"Binti amekwenda mtoni mara nne leo," baba akasema. "Pipa ni kazi yangu mimi. Uzee, ndugu yangu. Nilisahau kulijaza."

Wakacheka mpaka wakakohoa kuliko yeye. Ndoa ikakubaliwa jioni ile, chini ya mbingu tupu.

Habari ilifika mnadani kabla ya mbuzi kuisha. Zimamoto aliyesahau maji! Wakamtania hivyo miaka yote iliyobaki, hata wale aliowaokolea maghala yao. Naye alicheka nao, hakuwahi kunikumbusha kwa neno wala kwa jicho, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angenigombeza walau mara moja! Neno langu moja lingetosha kumrudishia heshima yake. Badala yake, kila nilipokwenda kumwona nilijaza pipa hadi mdomoni, nikarudi kwa mume wangu, nimenyamaza.