Wembe wa Kufumulia Pindo

Juzi, sokoni Kitengela, nilimwona fundi akishona utepe mwekundu kwenye ukingo wa blanketi la viraka la mtoto mchanga. Niligeuza uso kama mtu aliyepatikana na kosa.

Nikiwa mdogo, Mama alishona moja kama hilo kwa mabaki ya vitambaa kutoka kiwandani alikofanya kazi. Pindo alilizungusha kwa mkono, akililaza kwa pasi ya makaa, nyumba nzima ikinukia moshi na pamba iliyopata moto. Lilikuwa la mtoto aliyekuwa tumboni. Kisha Mama alienda hospitali, akarudi mikono mitupu. Niliambiwa mtoto hatakuja, nikadhani amekataa tu kuja kwetu.

Alasiri moja, upepo ukipiga mabati, nilijifunika lile blanketi.

“Mami, sasa hii ni yangu? Lakini ni fupi, miguu iko nje. Niongezee.”

“Niletee wembe,” Mama akasema.

Ili viraka viongezwe, ilibidi pindo litoke kwanza. Alikata uzi mmoja mmoja bila kuinua kichwa, nami nikashika upande wa pili kwa furaha, nikimhimiza. Nilidhani anachelewa kwa sababu wembe ni butu.