Sidii Ilipokwama Harusini

Miaka ile ya tisini, harusi za Garissa zilipigiwa muziki na mimi na binamu yangu. Tulikuwa na redio kaseti mbili. Moja ikiimba, kaseti ya zamu inayofuata nilikuwa nairudisha nyuma kwa kalamu ya biki, mpaka kidole kikafanya sugu.

Siku moja binamu alirudi kutoka Nairobi na mashine ya sidii, ameifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga. Akatangaza sokoni kwamba mambo ya kalamu yamekwisha. Jumamosi ile, baada ya swala ya alasiri, tukaizindua kwenye harusi.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Kisha kina mama wakapiga miguu chini, meza ikatikisika, na sidii ikaruka. Mwimbaji alikuwa anamwita mpenzi wake, "kaalay," yaani njoo kwa Kisomali. Akakwama kwenye "kaa, kaa, kaa."

Mwalimu mmoja mgeni kutoka Machakos, ambaye Kisomali kilikuwa bado hakijamwingia, aliketi. Akadhani ni utaratibu wa kwetu.

Binamu aliwaomba kina mama wacheze kwa mabega tu. Walimtazama, wakaongeza miguu. Tukaleta godoro jipya la bibi harusi, tukaweka mashine juu yake, lakini haikusaidia. Mwishowe binamu akamkalisha mjomba wetu kwenye godoro, maana ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote, na kumpakatisha mashine. Akamwonya asicheke wala asikohoe.

"Na kupumua je?" mjomba akauliza.

"Pumua kidogo kidogo, abti," binamu akamjibu, akimwita mjomba kwa Kisomali, kwa heshima zote.

Mjomba alijitahidi. Jasho lilimtiririka, macho yakamtoka. Kisha akamwona mwalimu: kila sidii ikikwama anaketi, ikiendelea anainuka, na watoto nyuma yake wanamwiga. Tumbo la mjomba likaanza kucheka kabla ya mdomo. "Kaa, kaa, kaa," mwimbaji akasema, na safari hii hakutoka hapo tena. Uwanja mzima ukawa unachuchumaa na kuinuka, bibi harusi akiwa mbele.

Binamu alijificha nyuma ya jenereta kwa aibu. Huko ndiko mama mmoja alikomkuta, akamwambia kwamba binti yake anaolewa mwezi ujao, na wanataka wimbo uleule wa kukaa na kusimama. Tena aje na yule mjomba.